Mkono Chini ya Pazia

Kombi ilikuwa ya mzungu wa chai aliyerudi kwao. Ilikuwa na kitanda, jiko na mapazia, nyumba kamili juu ya magurudumu. Isakwisa, dereva wa shamba la chai huko Igowole, aliiazima kwa jambo moja tu: kumrudisha baba yake, mzee Jailos, akafie kwao, kwenye rasi iliyochomoza kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo basi halijawahi kufika.

Sasa hapo ndipo penye shida. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja. Mzee naye hasemi na mkamwana. Akitaka kitu, humwambia mwanawe, na mwanawe ndiye humwambia mke. Na Kombi ina paa ngapi? Wakafunga pazia katikati. Mzee akalazwa nyuma na kikohozi chake. Damari, mke wa Isakwisa, akakaa upande wa huku na mwanawe Tusajigwe, aliyekuwa bado hajajua kusema hata neno moja. Wenzake Damari wa kwaya walimcheka, kwamba Mkristo gani anaogopa mkwe. Yeye akawajibu kuwa mwacha mila ni mtumwa.

Giza lilikuwa linaingia walipofika Isongole, ukungu wa mlima Rungwe umeshuka hadi barabarani. Mzee akagonga bati. Haja ilikuwa imembana. Isakwisa akamshusha kwa mlango wa nyuma, akamwegemeza kwenye migomba, kisha akavuka barabara kununua ndizi na mafuta ya taa. Damari akajifunika kanga usoni kama ilivyo heshima.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa...

Gari likainama. Likainama zaidi.

Mlango ukafungwa.

"Baba ameshapanda?" Isakwisa akauliza aliporudi.

"Nimesikia mlango."

Akachungulia kwa nje kupitia kioo cha nyuma, akaona blanketi limejaa kitandani. Akaondoa gari.

Walipoanza kuteremka kuelekea Tukuyu, Damari alisikia harufu. Udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo. Tena kikohozi kilichowasumbua tangu Igowole kilikuwa kimekoma kabisa.

"Amepata usingizi," Isakwisa alisema kutoka mbele. "Afadhali."

Kisha nyuma ya pazia sauti ikanong'ona.

"Mkamwana... nipe mtoto."

Damari akashtuka. Tangu aolewe, mzee hajawahi kumsemesha. Lakini akajiambia, mtu anayekufa husahau mila, na ni haki yake kumpakata mjukuu kwa mara ya mwisho. Akageuza uso, akampitisha Tusajigwe chini ya pazia. Mkono ukampokea. Ulikuwa wa baridi, mzito, umelowa. Nao mkono wa baba mkwe wake hakuwahi kuugusa, angejuaje?

Mtoto akacheka. Akacheka tena, mbali kidogo, utadhani kitanda kimerefuka.

"Nirudishieni mtoto, nimnyonyeshe," Damari akasema, akiangalia chini.

"Anakunywa."

"Anakunywa nini?"

Damari akageukia mbele.

"Baba Tusa, simama," akalia. "Angalia nyuma."

"Mama Tusa, mwache mzee amshike mjukuu wake. Njia hii mbaya, nikisimama hapa tutateleza."

Mkono wa Damari ulikuwa umelishika pazia, na hakulivuta.

Walifika rasini upepo wa ziwa ukipiga migomba. Hata kabla Isakwisa hajazima gari, taa zikawamulika kwa nyuma. Landrova ya misheni. Dereva wake akashuka amekasirika.

"Mwenye Kombi, unamwachaje baba yako kwenye migomba kule Isongole, na ugonjwa ule?"

Na ndani ya Landrova mtu akakohoa. Kikohozi kilekile.

Damari akavuta pazia.

Blanketi lilikuwa limelowa maji. Tusajigwe alikuwa ameketi peke yake, mzima, ana tope midomoni. Alimtazama mama yake bila kulia. Mzee Jailos alipomulikiwa mtoto kwa taa, aligeuza uso, akamwambia mwanawe, "Huyu simjui. Mjukuu wangu mmempeleka wapi?" Akafa kabla ya mapambazuko.

Baada ya matanga wakarudi kwa njia ileile. Mtoto alikuwa hajagusa titi la mama yake tangu siku ile, na alikuwa ananenepa. Jioni walipopita Isongole, Damari akamshika mumewe bega.

"Simama. Sikiliza."

Ndani ya migomba, kwenye ukungu, mtoto alikuwa analia. Kilio cha njaa. Damari alikijua kilio kile, na maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha gauni. Isakwisa naye alikisikia. Mguu wake ukaenda kwenye breki.

Mtoto aliyepakatwa akafumbua macho.

"Twende," akanong'ona.

Isakwisa akakanyaga mafuta, kilio kikabaki nyuma.