Digrii Nane za Alhamisi

Lifti ya mizigo ya uwanja wa ndege ilikufa saa tisa kasoro robo, na isingekufa, huenda watu hawa wawili wasingekutana namna ile.

Ukumbi wa abiria ulikuwa umefurika. Ndege mbili zilikuwa zimechelewa, foleni zimejipinda kama utumbo, na watoto wamelala juu ya mabegi midomo wazi. Katikati ya msongamano huo akatokea mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa suruali ya kaki na sweta zito la sufi, ilhali nje jua lilikuwa linachoma utosi. Begani alibeba boksi jeupe lililokuwa likidondosha maji ya barafu. Watu walimpisha wenyewe. Wengine walishika pua, japo hapakuwa na harufu yoyote.

"Kaka, simama hapo hapo."

Aliyemsimamisha alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakaa wima, nywele zote amezificha ndani ya kofia ya wavu. Kazi yake ilikuwa kupokea samaki wa mgahawa wa ghorofa ya juu, ule wenye vioo vinavyotazama ndege zikipaa. Bahari ilikuwa mbali, mwendo wa saa nane kwa lori. Lakini msafiri mwenye saa mbili za kusubiri ndege yake alitaka chaza na kamba kana kwamba meza yake imewekwa ufukweni. Ili awapate, samaki waliotolewa majini alfajiri walifunikwa barafu, wakapitishwa chumba cha baridi, wakapakiwa kwenye lori lenye mashine ya ubaridi, wakafika alasiri bila kuvuka digrii nne hata mara moja. Wakivuka, mwanamke huyu aliwarudisha, awe nani amewaleta. Jikoni walimwita Bi Digrii, na hakulichukia jina hilo.

"Boksi la samaki halipiti mbele ya abiria," alisema.

"Najua, dada. Ila lifti imekufa. Nikimsubiri fundi, na hawa nao watakufa mara ya pili."

Bi Digrii alijikaza asicheke. Alichomoa kipimajoto mfukoni, akafunua boksi, akakichomeka chini ya shavu la samaki wa juu. Digrii moja.

"Wewe ni mgeni kwenye njia hii?"

"Wiki ya kwanza. Wenzangu wananiita Taratibu, kwa sababu ya ninavyoendesha."

"Mbona umewatangulia wote?"

"Wenye haraka wanasimama kila kona, dada. Mimi nasimama mara moja, saa sita, nakula, naondoka."

Bi Digrii alishika upande wa pili wa boksi, wakapanda nalo ngazi pamoja, yeye akitangulia kinyumenyume na abiria wakiwatazama kama maharusi.

Tangu siku hiyo, kila ilipofika saa sita kamili simu ya Bi Digrii ililia.

"Niko digrii moja na nusu," sauti ya Taratibu ilisema. "Wewe?"

"Thelathini na saba, kama binadamu wote."

"Mbona nasikia kama unapanda?"

"Ni joto la jikoni hilo, usijipe sifa. Umekula?"

"Nimekula, mama. Na kijiko nimekiosha."

Mpishi mkuu, mzee aliyezeeka na visu vyake, alizoea kumwona akienda kusimama kwenye kona ya stoo muda huo, na akaacha kumpa kazi kati ya saa sita na saa sita na robo.

Jumapili moja walitoka pamoja. Bi Digrii alivaa gauni la zambarau lililoshonwa na dada yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, nywele ameziachia mabegani. Taratibu alikuja bila sweta, amevaa shati la mistari lenye mikunjo ya dukani. Alipomwona alisimama kama lori lililovutwa breki ya mkono.

"Kumbe una nywele," alisema.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani chini ya ile kofia kuna kipimajoto kingine."

Walitembea mitaani mpaka miguu ikauma. Walipoagana, Taratibu hakusema maneno mengi. Alimwambia kwamba kwa miaka kumi barabarani hakuwa na mtu wa kumpigia simu saa sita, na sasa saa sita ikichelewa anaona kama saa yake imeharibika. Bi Digrii aliyameza maneno hayo akaenda nayo nyumbani, na usiku mzima hakumwambia dada yake kwa nini anacheka peke yake.

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi.

Saa sita ilipita kimya. Saa sita na dakika ishirini Bi Digrii akapiga mwenyewe. Ilipokelewa, akasikia injini inanguruma, kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, ikisema, "Usimwambie mtu, tafadhali." Taratibu akasema haraka, "Nitakupigia," na simu ikakatika.

Hakupiga.

Saa tisa lori liliingia. Bi Digrii alishuka na kofia yake na koti lake, uso umekazwa kama ngozi ya ngoma. Taratibu alifungua milango ya nyuma bila kumtazama machoni.

"Pima," alisema. "Wako mbili."

Akapima. Kweli, walikuwa mbili. Lakini kila mzigo ulisafiri na kirekodi joto, kidude mfano wa kiberiti kilichoandika joto la njia nzima. Bi Digrii alikichomoa kati ya maboksi, akakiunganisha na simu yake. Mstari ulikwenda sawa tangu saa moja asubuhi. Saa nne na nusu ukaanza kupanda. Tano, sita, ukafika nane, ukarudi na kukaa kwenye tano hadi saa sita na nusu, ndipo ukashuka.

"Saa mbili nzima," alisema. "Kulikuwa na nini?"

"Nilisimama."

"Wewe? Unayesimama mara moja?"

"Nilisimama. Mlango ulifunguliwa, na mashine niliipandisha."

"Kwa nini?"

Taratibu aliangalia chini. "Siwezi kukwambia."

"Na ukaniambia nipime wako mbili. Ulijua kirekodi kitasema nini, au ulidhani leo sitakiangalia kwa sababu ni wewe?"

Taratibu alianza kufunga tena milango ya lori, na hilo ndilo lililomkata maini Bi Digrii zaidi ya yule mwanamke wa kwenye simu. Bi Digrii alirudisha mzigo wote: chaza, kamba, jodari. Jioni ile abiria wa ndege nne walikuta orodha ya vyakula imepigwa mstari, na mpishi mkuu akawakaangia kuku akinung'unika. Bi Digrii aliketi ofisini akaandika ripoti neno kwa neno, bila kuongeza chuki wala kupunguza kosa. Baada ya siku tatu akasikia kwamba Taratibu ameondolewa barabarani, amepelekwa kubeba maboksi kwenye ghala la baridi kule baharini. Simu zake mbili Bi Digrii hakuzipokea. Ya tatu haikuja.

Wiki mbili zikapita hivyo. Dada yake alimwangalia akisukuma chakula kwenye sahani, akazima cherehani.

"Wewe ulikataa samaki au ulikataa mtu?"

"Vyote vilikuja kwenye lori moja, dada."

"Samaki walikuwa na kirekodi. Huyo mtu ulimpima na nini?"

"Nilisikia sauti ya mwanamke."

"Ulisikia maneno matatu. Mimi wateja wangu wanasema maneno matatu, 'kata hapa kidogo,' nikiyafuata hivyo hivyo bila kuuliza, gauni limeharibika."

Maneno yale yalimwingia Bi Digrii. Jumatatu akaenda kwa mpishi mkuu. Kulikuwa na kazi iliyokaa siku nyingi bila mtu kuitaka: kukagua njia nzima ya samaki, kutoka jikoni kwao mpaka ghala la baridi kule baharini. Aliomba aende yeye. Mpishi mkuu alimtazama juu ya miwani.

"Unakwenda kukagua njia?"

"Nakwenda kukagua njia."

"Haya. Kaikague vizuri."

Asubuhi iliyofuata alipanda lori tupu lililokuwa likirudi pwani. Dereva mpya alikuwa mzee mnene asiyependa mazungumzo. Bi Digrii alikuwa na karatasi ya kile kirekodi magotini. Saa moja mpaka saa nne na nusu ni mwendo wa saa tatu na nusu kutoka baharini. Alipiga hesabu barabarani, na walipofika kwenye mji mdogo wenye maduka ya pande mbili, akamwomba mzee asimame.

Alikuwa amejiandaa kuona nyumba ya mwanamke, labda pazia zuri na viatu vya Taratibu mlangoni. Mbele yake kulikuwa na zahanati yenye bati la kijani na kina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni. Kabla hajashuka vizuri, muuguzi mmoja alikuwa ameshatoka. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Yule kijana mwembamba wa lori hili yuko wapi?" aliuliza. "Sikumshukuru vizuri."

Ilikuwa sauti ile ile ya simu. Bi Digrii akashika mlango wa lori.

"Mama, alikufanyia nini?"

Muuguzi alimpa benchi kwanza, kisha akamweleza. Alhamisi ile jokofu la zahanati liliungua asubuhi. Ndani kulikuwa na chanjo za watoto wa vijiji vitatu, na gari la wilaya lilikuwa kwenye safari ya mbali. Chanjo zile haziruhusiwi kuzidi digrii nane, na zikiganda pia zimekufa. Yeye akaona lori lenye mashine ya baridi linakuja, akasimama katikati ya barabara na koti lake jeupe.

"Alidhani mimi ni mkaguzi," alisema. "Akanyoosha mikono kabla sijasema neno."

Taratibu alimwambia ukweli: baridi ya samaki ingegandisha chanjo. Akafikiri dakika moja, akaipandisha mashine mpaka digrii tano, wakapakia makasha mlango ukiwa wazi, wakaenda pamoja mpaka hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu.

"Chanjo zetu haziruhusiwi kupanda gari lisilo la serikali. Ningefukuzwa kazi, na nimebakiza miaka miwili. Nikamwomba asimwambie mtu. Aliniahidi."

"Na ametunza ahadi," Bi Digrii alisema polepole. "Ameondolewa barabarani."

Muuguzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Masikini. Mimi mwenyewe nimeshawaambia wakubwa zangu, wiki iliyopita, roho ilikuwa inanisuta. Walinikaripia, kisha wakaniletea jokofu jipya. Nipe karatasi, mwanangu. Nitaandika na kutia sahihi."

Ghala la baridi lilikuwa nyuma ya bandari ya samaki, jengo refu lisilo na madirisha. Bi Digrii alifika saa kumi, amekunja ile barua mara nne ndani ya mkoba. Mlango mzito ulifunguliwa, moshi wa baridi ukamwagika nje, na Taratibu akatoka nao, amevaa koti nene na glavu, mvuke ukimtoka mdomoni. Alimwona, akaliweka chini boksi alilobeba.

"Umekuja kukagua?"

"Nimemaliza kukagua. Nimepita zahanati."

Taratibu alivua glavu moja, akairudisha, akaivua tena.

"Basi umejua."

"Nimejua. Lakini sikiliza kwanza, nisije nikakudanganya. Ripoti yangu ya kwanza siifuti. Samaki walipata joto, na wangekuja leo ningewarudisha leo."

"Ungewapokea ningekushangaa."

"Na uliponiambia nipime wako mbili?"

Taratibu aliikunja glavu mkononi. "Hapo nilikosa. Mama wa watu nilikuwa nimemwahidi, sawa, lakini wewe ningekwambia: usipokee mzigo huu, na usiniulize. Niliogopa utaniona kama wale madereva wanaoficha mzigo ulioharibika. Nikaishia kuwa kama wao kwa dakika tano."

"Na mimi nilikosa," Bi Digrii alisema. "Ungeleta sababu gani sijui, maana simu zako sikuzipokea. Nilisikia sauti ya mwanamke nikamaliza kesi peke yangu, bila shahidi."

"Ana miaka hamsini na tatu."

"Nimemwona. Bado ni mzuri."

Taratibu akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi na koo limepata kutu. Bi Digrii akampa barua ya muuguzi na ripoti yake mpya aliyoiandika njiani, herufi zikiruka kwa mashimo ya barabara. Alisoma zote mbili akiwa amesimama pale pale mlangoni, nusu yake ndani ya baridi na nusu juani. Alipomaliza hakuzikunja.

"Wakinirudisha barabarani au wasinirudishe," alisema, "mimi nataka kukuoa. Nimekaa humu ndani wiki mbili, na hakuna kingine cha kufanya humu zaidi ya kufikiri. Sina maneno mazuri. Kama wewe hutaki, niambie sasa hivi nikabebe maboksi."

Bi Digrii alitazama mikono yake iliyopauka kwa barafu, na lile koti lililomzidi ukubwa. Alitaka kusema kitu cha mzaha, kikakosekana.

Kutoka ndani ya ghala sauti ya msimamizi ikavuma, "Nyie wa mlangoni, baridi inatoka."

"Nasubiri jibu, mzee," Taratibu alisema bila kugeuka.

"Nimekubali," Bi Digrii alisema. "Sasa funga mlango."