Baba Aliyetafutwa Mvuani

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Tupokigwe huko Mwananyamala, kila mtu alikuwa na shughuli yake. Mama yake, Recho, alichambua mchele kibarazani, baba alinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa dirishani, na Tupokigwe, msichana wa darasa la saba, alifua sare zake za shule na kuziwahisha kwenye kamba kabla majirani hawajaijaza.

Siku hiyo alifua kwa haraka kuliko kawaida. Baba yake, Isack, alikuwa amemwahidi kumpeleka kupanda vilima vya Pugu. Tupokigwe alizaliwa Tukuyu, mahali ambapo hata kwenda dukani ni kupanda na kushuka. Tangu wahamie Dar es Salaam, hakuacha kuikumbuka milima ya kwao.

"Huku kote ni tambarare," alizoea kulalamika. "Mtu unatembea mpaka unachoka, na bado hujafika juu ya kitu chochote!"

Alikuwa akikung'uta soksi ya mwisho simu ya baba ilipoita. Baba alisikiliza, akajibu mara mbili tatu, kisha akatoka uani akiwa na povu upande mmoja wa kidevu.

"Mwanangu, nisamehe. Kuna mzigo umekwama bandarini Kurasini na mteja ananisubiri. Tutakwenda wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo, baba."

"Najua," baba alisema kwa unyonge. Muda si mrefu akaondoka.

Tupokigwe alibaki ameishika ndoo tupu. Mama naye alikuwa akijiandaa kwenda mazoezi ya kwaya. Ndipo wazo lilipomjia, na kabla hajalipima likawa limeshamtoka mdomoni.

"Mama, klabu yetu ya mazingira nayo inakwenda Pugu leo. Niende nao?"

"Mtakuwa na mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

Mama hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha, akamjazia maji kwenye chupa, akampa nauli. "Umsikilize mwalimu," alisema. "Ukirudi unisimulie ulivyoviona."

Saa chache baadaye Tupokigwe alikuwa ameshaipita nyumba ya mwisho ya Pugu, na njia nyembamba ya udongo mwekundu ilianza kupanda kuingia msituni. Kelele za magari zilififia nyuma yake. Hewa ilinukia majani mabichi. Alihisi misuli ya miguu ikikaza, na akacheka peke yake kwa furaha.

Lakini kilichomshangaza zaidi ni watu. Mjini watu hupishana bila hata kutazamana. Hapa, kila aliyekutana naye alimsalimu kana kwamba wanafahamiana tangu zamani. "Pole na mlima!" walisema. "Jikaze, bado kidogo!" Kijana mmoja mrefu, aliyevaa kofia ya njano, alisimama pembeni kumpisha.

"Dada, unapanda kama mbuzi!" alimsifu. "Mie naitwa Praygod. Nafundisha hesabu Mbagala, lakini Jumamosi huku ndiko kwangu."

"Umekuja peke yako, kaka?"

"Nimekuja peke yangu, na sijawahi kuwa mpweke huku," Praygod alijibu, akatangulia kupanda kwa hatua ndefu.

Kwenye kona yenye jiwe bapa, Tupokigwe alimkuta mama wa makamo ameketi akijipepea kwa ncha ya mtandio. Alivaa baibui jeusi, na chini yake raba nyeupe za michezo zilizochakaa kwa kutembea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu jiwe." Alijisogeza na kumpa tende kutoka kwenye mfuko wake. "Watu huniita Bi Wahiba. Nauza vitambaa Temeke. Daktari aliniambia sukari yangu haipendi kukaa dukani kutwa, basi nikaanza kuja huku. Mwanzo nilikuwa naishia hapa kwenye jiwe hili. Sasa nafika juu kabisa!" Alicheka, kisha akatazama njia waliyopandia. "Umekuja na nani?"

Tupokigwe aliogopa kwamba akisema ukweli atarudishwa nyumbani. "Na baba," alisema. "Yuko nyuma, anapumzika."

"Vizuri. Twende basi, atatukuta."

Tupokigwe akamwambia anaitwa Tupo, wakapanda pamoja. Kileleni walimkuta Praygod akizungumza na mzee mwembamba mwenye fimbo, aliyeitwa Mzee Apolinari. Alikuwa karani wa reli, sasa amestaafu, na hakuna aliyevijua vilima vile kama yeye. Walikula viazi vya Tupokigwe na tende za Bi Wahiba, wakanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya mzee. Watu wazima watatu ambao hawakuwa ndugu wala majirani waligawana chakula bila kuulizana kabila wala dini, na mtoto wa shule akapewa sehemu sawa na wao. Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja akatamani akiwa mkubwa awe kama wao.

"Tazama kule," Mzee Apolinari alimwonyesha kwa fimbo. Mbali sana, chini ya ukungu, mji ulitandaa hadi baharini. "Vile vyuma virefu vinavyoonekana kama twiga ni winchi za bandarini."

Tupokigwe alijua kwamba karibu na vyuma vile baba yake alikuwa akihangaikia mzigo wa watu. Alitazama pembeni.

Wingu jeusi liliwakuta wakiwa bado wameketi. Mvua ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika. Walishuka kwa haraka, Praygod akiwa amemshika Bi Wahiba mkono kwenye utelezi, mpaka wakafika kwenye banda la wazi lililoezekwa kwa mabati, karibu na mwanzo wa njia. Walikuwa wameloa chapachapa, lakini wanacheka.

Ghafla Bi Wahiba akaacha kucheka. "Jamani! Baba yake huyu mtoto yuko wapi? Hatukumwona njiani."

Mzee Apolinari aliutazama msitu uliokuwa ukitoa moshi wa mvua. "Huenda alichepuka kwenye njia ya korongoni. Korongo likijaa maji si mahali pa kuchezea. Binti, baba amevaa nini?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Tupokigwe alifungua mdomo, akaziona nyuso tatu zilizojaa huruma, akaona aibu.

"Shati la bluu," alinong'ona.

"Sie tunaotembea peke yetu tuna kanuni moja," mzee alisema huku akifunga vizuri kamba za viatu. "Haondoki mtu mpaka tujue wote wametoka. Praygod, wewe pita njia ya juu. Mie nitapita korongoni."

Wakatoka mvuani. Bi Wahiba alimfunika Tupokigwe kwa mtandio wake mkavu aliokuwa ameuhifadhi mfukoni, akamkumbatia. "Usilie, mwanangu. Watampata."

Kutoka msituni, katikati ya kishindo cha mvua, zikasikika sauti za watu wawili wakiita: "Baba Tupooo! Baba Tupooo!" Watu ambao hawakumjua baba yake walikuwa wakimwita kama wanavyomwita ndugu yao. Kila mwito ulimchoma Tupokigwe. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Bi Wahiba, baba hayupo huku! Yuko kazini Kurasini. Nimekuja peke yangu. Nilidanganya, na mama nimemdanganya pia."

Mikono ya Bi Wahiba ililegea mabegani mwake. Kisha akasimama. "Tutaongea baadaye. Kwanza tuwarudishe."

Walitoka wakaita. Praygod alisikia, akarudi mbio. Mzee Apolinari hakuitika. Sauti zao zilikuwa fupi na nene, na mvua ilizimeza palepale. Tupokigwe akakumbuka jinsi watu wa Tukuyu wanavyoitana kutoka kilima hadi kilima, kwa sauti nyembamba inayopanda na kuvutwa. Aliweka viganja pembeni mwa mdomo, akavuta pumzi.

"Mzee Apolinariiii! Uuuuwiii!"

Akaita tena na tena, mpaka koo likawaka. Hatimaye, kutoka chini upande wa kushoto, sauti dhaifu ikajibu.

Walimkuta kwenye ukingo wa korongo. Ardhi ilikuwa imemeguka chini ya miguu yake, naye alikuwa amening'inia nusu mwili, amekumbatia mzizi, maji ya udongo yakienda kasi chini yake. Praygod alilala kifudifudi akamshika mkono mmoja. Bi Wahiba na Tupokigwe walimshika Praygod miguu ili asiteleze. Wakavuta kwa pamoja, wakapumzika, wakavuta tena, mpaka mzee akafika salama juu ya majani, goti moja likivuja damu.

Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Baba wa mtoto amepatikana?"

Tupokigwe alipiga magoti kwenye tope mbele yake. Hakumwacha mtu mwingine amsemee. "Babu, baba yangu hakuja. Nilisema uongo. Umeumia kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Mzee Apolinari alimtazama, matone yakimdondoka kwenye nyusi. Alishusha pumzi ndefu. "Basi hakuna mtu aliyebaki msituni," alisema. "Tumshukuru Mungu kwa hilo."

Praygod alikwenda kuiokota fimbo ya mzee. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Bandani, Bi Wahiba alilifunga goti la mzee kwa kitambaa, kisha akampa Tupokigwe simu. "Wapigie wazazi wako. Waambie wewe mwenyewe."

Mvua ilikuwa imekatika baba alipofika kwa pikipiki, suruali imejaa matope. Alimkumbatia binti yake kwanza. Kisha akasikiliza habari yote, uso ukizidi kuinama.

"Sijui niwashukuru vipi," aliwaambia. "Nilimwahidi mtoto na sikutimiza. Hata hivyo, Tupo, hilo halikukupa ruhusa ya kusema uongo. Mama yako analia nyumbani."

"Ndiyo, baba. Nimekosa."

Mzee Apolinari alimwita Tupokigwe aketi karibu naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kutembea peke yako si dhambi, ukishakuwa mkubwa wa kutosha. Sote hapa tunatembea peke yetu. Lakini mke wangu anajua njia niliyopita na wakati nitakaporudi. Hilal, mtoto wa Bi Wahiba, anajua mama yake yuko wapi. Wewe leo ungetumbukia korongoni, mama yako angekwenda kukutafuta kwa mwalimu, na sie tungemtafuta mtu asiyekuwepo. Nani angekutafuta wewe?"

Tupokigwe alilitazama goti la mzee lililofungwa kitambaa.

"Huku hatujuani," mzee aliendelea. "Mtu akisema yuko salama, tunaamini. Akisema kuna mwenzake nyuma, tunaingia mvuani. Wema wote ulioupenda leo umesimama juu ya neno la kweli. Ukiliondoa hilo, watu wataogopa kusaidiana. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu. Sitarudia."

"Nakuamini," alisema mzee. Ni neno hilo lililomliza Tupokigwe, kuliko lawama yoyote.

Praygod akamvalisha kofia yake ya njano iliyoloa. "Sauti ile ya kuita," alisema, "itabidi utufundishe sote."

Jua dogo lilichungulia. Mzee Apolinari alisimama, akaegemea bega la baba upande mmoja na fimbo upande wa pili. Tupokigwe alibeba mfuko wa mzee, na wote watano wakashuka taratibu kufuata mwendo wa goti lililoumia.