Tangazo la Saa Saba Kasorobo

Ilikuwa Jumanne ya kawaida mwaka wa 1998, jua la Kitengela likichoma mabati, na Kathini alikuwa studioni akimenya ndizi huku kanda ikicheza. Kathini ni jirani yetu, na wakati ule hapakuwa na mtu asiyemjua. Alikuwa mtangazaji wa Redio Tambarare, kituo kilichojiita redio ya jiji ingawa studio yake ilikuwa hapa kwetu, juu ya duka la misumari na saruji. Kuta zilibandikwa trei za mayai kutoka Isinya ili kuzuia mwangwi, na mlango mnene ulivishwa godoro. Ukishafungwa, hata lori lipinduke barabarani, husikii kitu.

Siku hizo redio ilikuwa ya salamu na vifo. Asubuhi Kathini alisoma kadi za salamu, na saa saba kasorobo, kabla ya habari, alisoma matangazo ya vifo. Kila mara alianza kwa "Sopa, wasikilizaji," kwa maana wengi waliomsikiliza walikuwa Wamaasai, kutoka Isinya mpaka Bisil, na salamu hiyo waliipenda. Hakuwa na shamba wala mume. Alikuwa na sauti, basi. Hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvika, naye aliitunza kwa asali na maji ya uvuguvugu.

Jumanne hiyo akaja Makau, mwenye bucha, macho yamemwiva. Rafiki yake wa miaka ishirini, Mmaasai waliyeuza naye ng'ombe soko la Bisil, alikuwa amefariki. Makau ni Mkamba kama Kathini, kama mimi, na kwetu sisi mtu asipotangazwa redioni ni kama amezikwa kwa siri.

"Nitangazie siku tatu," alisema. "Huyo alikuwa ndugu yangu."

Kathini akasoma jina lote, la kwanza mpaka la ukoo. Mimi jina hilo sitaliandika hapa. Ukifika mwisho utanishukuru.

Kesho yake asubuhi alifika mzee Simel, kaka wa marehemu. Alisimama mlangoni na fimbo yake, wala hakupandisha sauti.

"Wewe ndio uliita ndugu yangu jana?"

"Nilimtangaza, mzee. Poleni sana."

"Sisi, mtu akienda, jina yake tunanyamazia. Ukiita jina, unaita yeye. Na akiitwa atakuja." Akamtazama. "Hiyo jina isitoke kwa mdomo yako tena. Niahidi."

Kathini akaahidi. Lakini Makau alikuwa ameagiza siku tatu, na bosi hakutaka kusikia habari ya kukatiza tangazo. Hapo ndipo Kathini alipojiona mjanja. Tangazo la jana lilikuwa limerekodiwa, basi akamwambia fundi wao, Mutunga, acheze kanda. Jina likaenda hewani siku mbili zaidi, na mdomo wake umefungwa. Ahadi sikuivunja, alijiambia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya nne Mutunga aliifuta kanda ile kwa mkono wake na kurekodi kwaya juu yake.

Mwaka wa 2001 redio ilipata tajiri mpya. Salamu zikafutwa, vifo vikafutwa, ukaja muziki wa vijana na Kiingereza cha puani. Kathini, miaka arobaini na miwili, akapewa jina la Kathy K na kufundishwa kucheka bila sababu. Wiki ya kwanza, saa saba kasorobo, katikati ya wimbo wa densi, akasikia kitu kwenye hedifoni.

"Sopa, wasikilizaji."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya 1998. Ikasoma jina lote. Kisha mwanamume akaitikia kutoka mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya boma.

"Ipa."

Ndivyo salamu ile inavyoitikiwa. Kathini alimgeukia Mutunga upande wa pili wa kioo. Mutunga alikuwa amevua hedifoni zake na kuziweka mezani polepole.

Mwaka wa 2004 muziki wa vijana ukatupwa, ikaja mijadala ya simu, wake wakiwasema waume na waume wakiwasema wake. Kompyuta zikaletwa na kanda zote zikachomwa moto nyuma ya duka. Tangazo likaja. Mwaka wa 2006 redio ikaokoka, ikawa nyimbo za injili kutwa nzima. Tangazo likaja katikati ya maombi. Wasikilizaji hawakulisikia kamwe, ila yeye na Mutunga tu. Na kila mtindo mpya ulipoingia, yule anayeitikia alikuwa amesogea. Sasa pumzi yake ilisikika.

Kathini alijaribu kukimbia. Alichukua likizo akaenda kwa dada yake Machakos. Saa saba kasorobo redio ya dada yake, iliyokaa kabatini mwaka mzima bila betri, ikasema, "Sopa."

Akarudi, akamfuata mzee Simel Bisil, akapiga magoti.

"Nimwombeje aende, mzee?"

"Utamwomba ukimwita nani?"

Kathini akafunika uso. Akalia. Mzee alimhurumia kweli, akamwinua.

"Kuna siku ataacha kuitikia, ataita yeye mwenyewe. Siku hiyo unyamaze. Akikosa mtu wa kumjibu, atachoka, ataenda. Kunyamaza tu, mama. Hiyo sio ngumu."

Kwa mtu mwingine, labda.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jua kali. Kathini alikuwa peke yake ndani, Mutunga nyuma ya kioo. Saa saba kasorobo ikafika na tangazo halikuja. Badala yake wimbo ukakatika. Taa nyekundu ikawaka, ile ya kuonyesha uko hewani. Kathini akavua hedifoni, akaenda mlangoni. Mlango haukufunguka. Akauvuta kwa mikono miwili. Akaupiga. Godoro likameza ngumi zake.

"Sopa, Kathini."

Haikutoka kwenye hedifoni. Ilitoka kwenye kiti cha mgeni.

Hakutazama. Akabana midomo. Nyamaza tu, mama. Studio ikawa kimya, na kimya hicho kilikuwa kinakwenda hewani.

Lazima uelewe watu wa redio. Kwao kimya hewani ndilo kosa lisilosamehewa. Kathini aliwafundisha hivyo watangazaji wote waliopitia mikononi mwake: sekunde tatu zikipita, jaza, sema lolote. Sasa zilikuwa tano. Kumi. Kumi na tano. Akarudi kwenye maikrofoni bila kujua amerudi.

"Sopa, Kathini."

Ishirini.

"Ipa," akasema.

Mutunga aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka. Kathini alikuwa ameketi, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na nyayo za akala, viatu vya tairi vya wafugaji. Zilikwenda mpaka kiti cha mgeni. Hazikurudi.

Hospitali walimchungulia koo, wakasema ni zima. Tangu siku hiyo hajatamka neno. Haya yote aliyaandika kwenye daftari la shule, nami nimelisoma nikiwa nimeketi karibu naye, mchana, na bado nilisikia baridi.

Redio Tambarare ilifungwa na mlingoti ukang'olewa. Masafa yake sasa ni mvumo mtupu. Lakini wachungaji wa Bisil wanasema saa saba kasorobo mvumo unakatika, na mwanamke mwenye sauti nzuri anasema "Sopa," kisha anasoma majina ya marehemu. Si jina moja tena. Ni mengi, na kila jina linaitikiwa.

Kathini anauza mayai hapa barabarani. Ikikaribia saa hiyo anaacha wateja, anaketi nyuma ya meza na kujifunga leso mdomoni, mafundo mawili. Nimemtazama mara nyingi. Midomo haisogei hata kidogo. Ni koo tu linalopanda na kushuka, chini ya leso, mpaka habari za saa saba zinapoanza kwenye redio za majirani.