Pembetatu za Lori la Nyanya

Kila alfajiri Mama alisimama kwenye lango la yadi, simu mkononi, akiingiza namba za malori yake matatu, moja baada ya jingine, kuangalia kama lipo lililoandikiwa faini. Likiwapo, alilipa asubuhi hiyo hiyo. Faini iliyocheleweshwa huongezeka, na gari lenye deni huweza kuzuiwa njiani pamoja na mzigo wake.

"Usipoziba ufa..." Mama alianza.

"Utajenga ukuta!" madereva walimalizia, wakicheka. Ndiyo maana nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Ufa.

Dereva wa lori la nyanya hakuwahi kumpa kazi hiyo. Tangu aajiriwe hakuwa ameandikiwa faini hata moja. Wote walimwita Taratibu, na wenzake walimtania kwamba hata kobe humpigia honi akitaka kumpita.

Binti wa Mama alikuwa darasa la sita. Kwa jinsi alivyopiga mpira, rafiki zake walimwita Mkwaju. Jumapili, malori yakiwa yamepumzika, waliigeuza yadi kuwa uwanja. Jumapili moja waligombana kuhusu goli, maana nguzo zake zilikuwa mawe tu.

"Goli!"

"Goli la wapi? Umepita nje huo!"

Mkwaju akakumbuka zile pembetatu mbili nyekundu ambazo dereva huziweka barabarani gari likiharibika. Zilikaa sandukuni, chini ya kiti cha lori la nyanya. Alipanda akazichukua. Zilisimama zenyewe, ziling'aa, na hakuna aliyebisha tena. Giza lilipoanza kuingia alizichomeka nyuma ya rundo la matairi makuukuu, akajiambia atazirudisha asubuhi. Lakini asubuhi aliamka amechelewa, akakimbilia shule, na pembetatu zikamtoka kichwani kabisa.

Jioni aliporudi alikuta yadi imenuna. Trafiki walikuwa wamelisimamisha lori la nyanya kwenye ukaguzi, wakakosa pembetatu. Wakaandika faini, na lori likazuiwa juani hadi Mama alipopeleka pembetatu alizoazima kwenye lori lake jingine. Maji mekundu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye makasha ya nyanya.

"Mwezi uliopita jeki ilipotea," Mama alimwambia Taratibu mbele ya wote. "Leo pembetatu. Niambie ukweli, unauza vifaa vyangu?"

"Bosi, sijauza hata msumari. Jumamosi niliziona kwa macho yangu."

"Basi zimeota miguu?"

Taratibu alikwenda kuchungulia tena chini ya kiti, akarudi mikono mitupu.

"Faini nitaikata kwenye mshahara wako. Na kesho usiliendeshe gari hilo, mpaka nijue ukweli."

Mkwaju alikuwa amesimama pale pale, begi mgongoni. Sema, alijiambia. Badala yake akaingia ndani. Chakula cha usiku alikiacha sahanini. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa, na huruma hiyo ikamuumiza zaidi.

Kulipopambazuka alitoka kabla ya Mama, mpango kichwani: atazirudisha sandukuni kimyakimya, zionekane, yaishe. Alizificha ndani ya sweta, akaenda hadi kwenye lori. Kumbe Taratibu alikuwa pale, akifuta kioo cha gari ambalo angeliendesha mwingine.

"Shikamoo, Mjomba. Si umeambiwa usiliendeshe?"

"Marahaba. Kufuta hakuna faini," alijibu, akijaribu kucheka. "Nyumbani nimewaambia nakuja kazini kama kawaida. Ningewaambiaje wanangu kwamba naitwa mwizi?"

Pembetatu zilimchoma Mkwaju kwapani. Akaelewa kwamba akizirudisha kwa siri, watu watasema mzee amezirudisha mwenyewe baada ya kushtukiwa. Akabaki palepale hadi Mama na madereva wote walipofika langoni. Kisha akazitoa.

"Mama, Mjomba hajauza kitu! Ni mimi. Jumapili tulizifanya goli. Jana nilisikia ukimshuku, nikanyamaza."

Mama alizitazama pembetatu, kisha akampita bintiye na kumwendea Taratibu.

"Nimekukosea mbele ya watu hawa, na mbele ya hawa hawa nakuomba radhi. Mshahara wako haukatwi. Gari ni lako."

"Yamekwisha, Bosi. Nami nina kosa langu. Jana nilikagua taa na matairi, sanduku sikulifungua."

Dereva mmoja akakohoa. "Bosi, na ile jeki... niliiazima. Iko nyumbani kwangu."

"Hee! Leo yote yatatoka!" Mama alisema, na hapo kicheko kikapatikana kidogo.

Taratibu akachuchumaa mbele ya Mkwaju. "Mwanangu, faini ni jambo dogo. Je, lori lingeniharibikia kwenye kona, na nyuma yangu hakuna kitu chekundu cha kumwambia anayekuja asimame?"

Hilo Mkwaju hakuwa amelifikiria. Alilia kwa sauti. "Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe."

"Mimi pia nimekusamehe," Mama alisema, "lakini Jumapili mpira hakuna, hadi mwezi uishe. Utaosha makasha. Na unisikilize. Faini nililipa kwa simu, ikaisha. Jina la mtu halilipwi kwa simu. Mzee wa watu amelala anaitwa mwizi, na wewe ulikuwa na neno moja tu la kumwokoa. Ukikosea, sema mapema, deni lingali dogo. Usipoziba ufa..."

Safari hii madereva walinyamaza.

"Utajenga ukuta," Mkwaju alijibu polepole.

Taratibu alipanda garini, akalifungua sanduku, akamnyooshea Mkwaju mkono.

"Pembetatu?"

"Hizi hapa, Mjomba."

Alizipanga, akafunga sanduku, kisha akashusha madumu mawili matupu na kuyaweka miguuni pa Mkwaju. "Mwezi ukiisha, hizi ndizo nguzo zako." Akawasha lori, likatoka langoni kwa mwendo wake ule ule wa kobe, na Mkwaju akaenda kutafuta ndoo ya kuoshea makasha.