Kinyoosho cha Mlima Nyoka

Kinyoosho kilidaka gari likiwa mbioni, kikaliinua hewani kama mtoto anayebadilishwa nepi, kikapinda magurudumu yote manne, kikalirudisha barabarani kabla abiria hajamaliza kupiga chafya. Alaimenti kamili, magurudumu yamekaa sawa, bila spana, bila fundi kulala uvunguni. Mbeya nzima ilijivunia mashine hiyo. Iringa, kwa wivu, wakasema ni uchawi.

Mhandisi wake, Tusekile, siku hiyo alikuja kazini na hasira. Jana mchana gari lisilo na dereva, lililotoka kunyooshwa na mashine hiyo, liliteleza kwenye kona ya Mlima Nyoka likiwa na dada yake, Ambwene. Mguu umekatwa.

Aliingia kwa mkurugenzi, Mwasandube, bila hodi.

"Nani kabadilisha vipimo vya Kinyoosho?"

"Shikamoo kwanza, binti."

"Utaipata nikishajibiwa."

Mwasandube akacheka. "Mimi. Nimeamuru magurudumu yasimame wima. Tairi sasa zinadumu mara mbili."

"Yakiinama ndani kidogo, tairi hulika upande, lakini gari hung'ang'ania kona. Wewe umeokoa mpira, umemwaga watu!"

"Ajali haina kinga, mama."

"Saa tisa magari ya wanafunzi yanashuka kona ileile. Rudisha vipimo! Mashine inatii kiganja chako tu."

"Bodi inakaa Ijumaa. Subiri."

Tusekile akamkamata koti, akamburuta hadi uani, wafanyakazi macho pima. Akafungua mlango wa gari lililotoka kunyooshwa muda uleule.

"Panda, mzee. Tunashuka mlima, mimi na wewe."

"Nina presha mimi."

"Panda!"

Mwasandube aliyatazama magurudumu yale yaliyosimama wima kama askari wa gwaride.

"Basi… twende na langu."

"Lako lina nini?"

"Lile linashika kona."

Mama mmoja mfagiaji akatema mate chini. "Kumbe lako hulipitishi hapa! Mshenzi wee!"

Tusekile alikikamata kiganja kinene cha mkurugenzi, akakibandika kwenye kioo cha mashine kwa nguvu.

"Vipimo vimerudishwa," Kinyoosho kikasema kwa sauti ya bibi harusi. "Magari yote yanaitwa. Asante, Mkurugenzi."

Mwasandube akajifuta jasho, akageuka kurudi ofisini.

"Unakwenda wapi?" Tusekile akamzibia njia. "Twende hospitali. Dada yangu kazinduka, anaulizia mguu wake. Sisi wote tumeshindwa kumjibu. Utamjibu wewe."