Meno ya Kifaru

Jumamosi ile jengo la maduka ya simu lilikuwa limefurika. Ngazini, wanaopanda walikuwa wakisukumana na wanaoshuka, na kila duka limefungulia spika kana kwamba limeapa kumzidi jirani kelele. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo dada mmoja mwenye gauni la manjano na viatu vyeupe, amekumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani ya kikapu, kimeviringishwa taulo, mlikuwa na kifaru. Si yule mnyama, bali kifaru cha vita, cha mfano, kinachoendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole.

Jamaa mmoja aliyekuwa akikimbilia juu akampiga kumbo. Kikapu kikainama, gurudumu dogo likachomoka na kuanza kushuka ngazi peke yake, likidunda katikati ya miguu ya watu.

"Jamani, msilikanyage!"

Mwanamume aliyekuwa akipanda na chupa ya soda alipiga magoti pale pale, watu wakimruka huku wakimlaani, akalidaka. Alivaa koti la kazi la buluu lenye madoa ya grisi, miwani kaipandisha kichwani. Hakumtazama dada. Alilitazama gurudumu, akachungulia kikapuni, kisha akauliza kama anayeulizia habari za nyumbani:

"Kinasaga kikitembea?"

"Kama mtu anayetafuna mchanga."

"Na kinavuta upande mmoja, ukikinyoosha kinakataa?"

"Umejuaje? Wewe mganga?"

"Meno yameisha, dada yangu. Kina giaboksi mbili, ya kulia na ya kushoto, na meno yake ni ya plastiki. Moja ikichoka, mwenzake anabeba mzigo, mwisho zinakwenda zote."

Dada akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ianze. "Kumbe sote wawili tunakula kwa meno ya watu. Mimi natengeneza ya bandia."

"Daktari?"

"Daktari anang'oa, anasifiwa. Mimi niko chumba cha nyuma, nachonga ya kupachika, nameza vumbi."

"Basi karibu kibandani, Bi Meno. Leo umeleta mgonjwa mwenye meno mengi kuliko wote."

Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Helikopta na magari ya rimoti yalining'inia darini. Fundi alifungua tumbo la kifaru kwa bisibisi ndogo, akatoa gurudumu moja la giaboksi na kulishika kwenye mwanga. Meno yake yalikuwa yamelika hadi yakabaki vinundu.

"Nani anakichezea hivi? Huyu hana huruma."

"Hakichezewi," alisema Bi Meno, na kicheko kikamtoka usoni. "Ni cha baba. Jeshini alikuwa dereva wa vifaru, vile vya kweli. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia, kikachukua na ulimi. Umebaki mkono mmoja. Akiwa na kiu, anakiendesha kifaru hadi mlangoni kwangu, kinagonga. Kikizunguka, maana yake nimgeuze. Sijui nikueleze vipi, fundi. Huyu ndiye mdomo wake."

Fundi aliweka soda chini.

"Leo nitakitia plastiki mpya, asikae bubu," alisema. "Lakini kwa kazi hiyo plastiki haitafika mbali. Nitamtafutia meno ya chuma."

Jioni alikipeleka mwenyewe nyumbani. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, alipolazwa mzee, akabana visigino na kupiga saluti. "Afande! Chombo kiko tayari!" Mzee alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa bado yake. Akawasha rimoti, kifaru kikanguruma kuvuka sakafu, kikaenda kumgonga fundi kwenye kidole gumba cha mguu.

Dada wa baba yake, shangazi aliyekuwa akiishi nao, hakucheka. "Mwanaume mzima anacheza na midoli," alimnong'oneza mpwa wake jikoni. "Atakulea huyu, au utamlea wewe?"

Lakini moyo haushauriwi. Fundi akawa anapita kukagua kifaru hata kisipougua. Simu nazo hazikukatika.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayekujibu ni jino."

"Basi liambie jino limguse mwenyewe, limwambie fundi hapati usingizi."

"Jino linauliza, fundi ameumwa wapi?"

"Pale ambapo hakuna bisibisi inayofika, laazizi."

Bi Meno alikuwa akikata simu akitabasamu gizani, halafu akisikia kule mbele kifaru kikisaga sakafu kuja kwake, grr, grr. Alikuwa akiamka kabla hakijafika. Kelele ile ilikuwa ikimchosha na kumtuliza kwa pamoja.

Kama fundi alivyotabiri, plastiki ilianza kuteleza tena. Bahati nzuri meno ya chuma yalikuwa yamefika, na beringi zake. Alikuja kukichukua kifaru jioni moja, rimoti akamwachia mzee kwa kuwa anayo nyingine kibandani, ana furaha kama bwana harusi.

"Kesho asubuhi kitakuwa hapa."

"Mpenzi, usinitanie. Bila hicho baba hana namna ya kuniita."

"Kesho asubuhi, roho yangu. Lini nimekudanganya?"

Asubuhi ikaja, fundi hakuja. Bi Meno alipiga simu akiwa njiani kwenda kazini, imezimwa. Akapiga mchana, vumbi la meno mikononi, imezimwa. Jioni alirudi akamkuta baba yake akitazama mahali kifaru kilipozoea kusimama, rimoti kifuani. Alipiga tena, mara hii mbele yake, ili mzee aone kwamba anajaribu.

"Kesho, baba," alimwambia. Mzee alifumba macho.

Usiku ule Bi Meno alichoka kupita kawaida. Alifikiria kutandika godoro pembeni ya kitanda cha mzee, akaona ni usiku mmoja tu, akaenda chumbani kwake mwisho wa korido. Shangazi naye masikio yalikwisha kumchoka siku nyingi, hasikii vizuri. Karibu na alfajiri Bi Meno alisikia kitu kikigonga mbao, taratibu. Alidhani ni dirisha la jirani. Akajigeuza.

Kulipopambazuka alimpelekea baba yake chai. Alimkuta ameteremka nusu kitandani, bega limekwama kwenye ukingo, mwili umeshapoa. Mkono wake mzima ulikuwa umeikamata rimoti. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

Chai ilimwagika yote, hakujua ilimwagika saa ngapi.

Fundi alifika wakati viti vimeshapangwa nje. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na amebeba kifaru kwapani, kimefungwa kitambaa kipya. Aliona watu, akaona nyuso, hatua zake zikafupika. Bi Meno alitoka, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, macho makavu.

"Simu yako ilikuwa wapi?"

"Niliizima. Nilikuwa..."

"Baba yangu amekufa akibonyeza rimoti."

Fundi alimnyooshea kifaru kwa mikono miwili.

"Alikuwa ananiita kwa kitu ambacho wewe unacho. Kiondoe. Na wewe ondoka nacho."

Shangazi akamshika fundi kiwiko, si kwa ukali, akamgeuza kuelekea barabarani. "Nenda, mwanangu. Hapa leo hapafai kwako." Akaenda, kitambaa kipya kikiburuzika nyuma yake.

Bi Meno aliifungia namba ya fundi. Alirudi kazini, akachonga meno kutwa nzima, jioni akakaa na shangazi bila redio. Mvua zikaja zikaisha. Daktari alikuwa amewaambia kilichomuua mzee ni kiharusi cha pili, kikubwa, pengine hata angeitwa mapema asingeokoka. Hilo "pengine" ndilo alilolala nalo na kuamka nalo.

Siku moja mama muuza makava ya simu, jirani wa kibanda cha fundi, alikuja pale kazini na meno ya mama mkwe wake, yamevunjika katikati. Alimtambua Bi Meno.

"Mwenzio fundi alijiponza siku ile," alisema. "Aliyabana mno yale meno ya chuma. Anasema yanataka nafasi kidogo, unene wa karatasi tu, yapumue. Yeye hakuacha. Alipokijaribu, mota ikaungua, moshi mpaka kwangu. Alizunguka mji mzima kutafuta nyingine. Nikamwambia, mpigie mwenzio. Akaizima kabisa simu. Anasema, nitamwambiaje nimeharibu ulimi wa baba yake?"

Bi Meno alidhani akiujua ukweli hasira itapungua. Ikapanda. Alivua aproni, akatoka na vumbi lake nyweleni, akaenda hadi lile jengo, akapanda ngazi zile zile akisukuma watu.

Kibanda kilikuwa nusu kitupu, darini hakuna helikopta. Fundi alikuwa anapanga vifaa katika sanduku. Amekonda, ndevu hazijui wembe. Alipomwona alisimama wima, mikono haijui iende wapi.

"Uliharibu mota," alisema Bi Meno.

"Niliiharibu."

"Mota ni kitu gani? Mota ni chuma na waya! Ungenipigia ukasema, mpenzi, nimeharibu, leo hakiji. Unajua ningefanya nini? Ningelala chini, pembeni ya kitanda chake. Ningemfunga kamba mkononi, mwisho mwingine mguuni kwangu. Hukuninyima kifaru wewe. Umeninyima usiku ule."

"Najua."

"Hujui!"

"Najua," alirudia, sauti imepasuka. "Kila siku najua. Niliona aibu. Nilitaka nije nikiwa mshindi. Sina neno jingine, Bi Meno. Kama lingekuwepo ningekwisha kulileta."

Bi Meno alikuwa amejiandaa kumpiga kwa maneno hadi aanguke, na sasa mtu mwenyewe alikuwa ameshaanguka. Akaketi kwenye kibao cha wateja.

"Nilisikia," alisema, akitazama sakafu. "Alfajiri ile. Aligonga kitanda. Nikasema ni dirisha, nikajigeuza."

Fundi hakumwambia si kosa lako. Alikuja akachuchumaa mbele yake, akamfuta vumbi la meno kwenye paji la uso kwa upande safi wa mkono wake, na wote wawili wakalia, nje ya kibanda watu wakibishania bei za chaja.

Baadaye Bi Meno aliuliza, "Kiko wapi?"

Fundi alikitoa chini ya meza. Alikiwasha juu ya kaunta kwa rimoti ya kibandani. Kifaru kilikwenda hadi ukingoni, kikageuka, kikarudi, minyororo ikizunguka laini, bila mkwaruzo, bila hata mnong'ono.

"Kimenyamaza mno," alisema Bi Meno. "Baba asingekipenda. Alipenda nimsikie akija."

Fundi akacheka kwa uchungu, akakizima. "Nimepata kazi mji mwingine, ya kutengeneza lifti. Naondoka wiki ijayo." Alikisogeza kifaru pembeni. "Nilikuwa nimeapa sitakuuliza. Lakini umekuja mwenyewe. Nikikwambia nataka nikuoe, utanifukuza mara ya pili?"

"Unanioa mimi au unaoa makosa yako?"

Fundi alifikiri kwanza, na hilo Bi Meno akaliona. "Nakuoa wewe. Makosa nimeshaishi nayo, yananijua."

"Kuna siku nitakuangalia nitamwona baba. Nitakuchukia kabla hata hujanywa chai."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine sijui. Sitaki kukudanganya."

"Hiyo hiyo naichukua."

Bi Meno alitoa simu mfukoni, akapiga nyumbani, akasema kwa sauti ya juu ili masikio yaliyochoka yasikie.

"Shangazi, leo pika na cha mgeni. Niko naye."

"Naye nani?"

"Fundi."

Kule jikoni mfuniko ukasikika ukigonga sufuria.

"Mlete," alisema shangazi. "Atakula. Lakini mimi sitamchekea, nisikudanganye."

"Hata mimi bado, shangazi," alisema Bi Meno, akainuka na kumsaidia fundi kufunga sanduku.