Mzigo wa Justus

"Justus, piga magoti nikutwike," nilimwambia, tena kwa sauti tamu kabisa.

Akapiga magoti. Nikamtwika mzigo niliofunga kwa mikono yangu, nikitamani umvunje shingo.

Ilikuwa mwaka 1951. Sisi wakulima Wakristo wa Kwihara na wenzetu Waislamu wa Gongoni tulikuwa hatuzikani. Ndipo mimi na Bi Mwamvita wa Gongoni tulipobuni mchezo wa msafara, tuigize safari ya babu zetu wapagazi kutoka Kwihara hadi Gongoni. Watazamaji hatukuwataka, kila mwanamume abebe, asimulie ya babu yake njiani. Sharti lilikuwa moja. Mpagazi akifika hajitui. Mwanamke aliyemsubiri ndiye anayemtua na kuufungua mzigo mbele ya watu na kutaja kilichomo, na hakuna kula mpaka mizigo yote iwe chini.

Mimi nilimsubiri Justus miaka mitatu, akifanya kazi ya reli Usoke. Likizoni alimposa Flavia, binti wa katekista, akawaambia kina Flavia kwamba nimemkataa. Akarudi Usoke, akaendelea kuniandikia. Niliijua posa ile kanisani, tangazo la ndoa yao liliposomwa. Nilirudi nyumbani, nikaanza kufunga mizigo ya msafara.

Gongoni tulipokewa kwa vigelegele. Fundi Shomari wa Gongoni alituliwa na mama yangu, watu wakacheka kwa raha. Justus akanipita bila kunitazama, akasimama mbele ya Flavia.

Flavia akamtua, akafungua. Juu ya mtama palikuwa na barua.

"Isome," nilisema. "Kila mzigo hutajwa."

Akasoma: "Tekla wangu, usiwasikilize watu. Baada ya Pasaka nafunga ndoa na wewe, si na mwingine. Wako, Justus."

Akaitazama tarehe. Barua iliandikwa wiki moja baada ya posa yake.

"Ulituambia alikukataa."

"Flavia, huu ni mchezo tu."

"Na mwandiko huu?"

Flavia akaufunga mzigo upya, polepole, fundo juu ya fundo.

"Piga magoti."

Akapiga. Flavia akamtwika tena, akarudi nyuma.

Justus akanigeukia. Vyakula vilikuwa vinapoa, na watu wote walikuwa wananitazama.

"Tekla, nitue. Watu wana njaa."

"Mimi nilikusubiri, Justus. Sasa sikusubiri tena."

Roho yangu ilitulia. Bi Mwamvita akapiga makofi.

"Mizigo ya msafara wetu yote iko chini. Karibuni chakula."

Nakiri, nilipanga kumcheka Flavia pia. Lakini alikuja akaketi kando yangu, nikamsogezea sinia. Kwihara na Gongoni tulikula pamoja siku ile.

Justus angeweza kuutupa mzigo porini. Waliomwona wanasema aliubeba hadi Kwihara, na mama yake ndiye aliyemtua.